Kitabu cha Maadili na Mtoto wa Miezi Saba

Vijana wangu wa kiwandani, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu Kitengo cha Maadili, kwa sababu mmeachiwa kabati langu na hamjui mle ndani kuna nini. Kuna makaratasi. Nilitaka kuwajibu hivyo tu nijilalie zangu hapa Kwamndolwa, lakini kustaafu nako kuna adhabu yake: mtu unaamka alfajiri kama zamani na huna pa kwenda. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, kila mmoja anajua vyake.

Nimezaliwa Chanika, Handeni. Kwenye mkonge niliingia kijana mwenye nywele, nimetoka mzee mwenye kikohozi. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kutoa singa, nyuzi zake. Ninyi mmeizoea. Mtu anayesimama karibu nayo mara ya kwanza anataka kurudi kwa mama yake. Inanguruma, inatema maji ya kijani, na harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Nikakabidhiwa kwa fundi mmoja, Mzee Shauri, Mshambaa mfupi asiyependa maswali. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Akauweka mbele ya pua yangu.

"Unaviona?"

"Naviona, mzee."

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Haya, mafunzo yamekwisha. Vua saa, vua pete, kunja shati mpaka juu ya kiwiko. Ukiwa hapa usiongee. Mtu akikuita, usigeuke. Mwache aseme una kiburi."

Hayo ndiyo maadili ya kazi niliyofundishwa, na sikuyasahau hata siku moja, kwa sababu mwenye kuyafundisha alikuwa ameyalipia. Huyo huyo Mzee Shauri ndiye aliyetengeneza kifuniko cha korona, kwa bati la pipa na bawaba za mlango wa choo. Kilikuwa kibaya kwa sura, jamani, lakini tangu kifungwe hakuna mkono ulioingia mle ndani. Mzee Shauri alistaafu, akafa, kifuniko kikabaki kinafanya kazi.

Kisha shamba na kiwanda vikanunuliwa na watu wa nje, kampuni yenye matawi katika nchi ambazo nyingine sikujua kama zipo. Miezi michache baadaye likaja boksi la vitabu. Kanuni za Maadili, Duniani Kote. Juu ya jalada kulikuwa na picha ya watu wa rangi zote wamezunguka kompyuta moja wanacheka. Nimekaa kwenye mkonge umri wangu wote, sijaona watu wakicheka kiasi hicho, hata siku ya Idi. Kiswahili chake kiliandikwa na mtu ambaye nahisi alikuwa anakimbilia ndege. Wakata mkonge wetu, watu wanaoingia shambani alfajiri na panga, wakakatazwa kujadili siri za hisa za kampuni wakiwa mgahawani. Mgahawa! Wengi wao chakula wanabeba kwenye kikopo cha rangi.

Mafunzo yalichukua asubuhi moja. Mwisho wake kila mtu alitia sahihi kwamba amekisoma kitabu chote, amekielewa, na anakikubali. Wasiojua kusoma walitia dole gumba. Narudia, maana najua mtadhani nimekosea: mtu asiyejua kusoma alitia dole gumba kuthibitisha kwamba amesoma. Nilikusanya zile karatasi mwenyewe. Ziko kwenye kabati, rafu ya juu, kama mnataka kucheka.

Nilizikusanya mimi kwa sababu nilikuwa nimeshafanywa Msimamizi wa Maadili wa kituo. Sikuchaguliwa kwa uadilifu, msijidanganye. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza, kile nilichokipata sekondari na kukinoa kwa kusoma vitabu vya mashine. Wenzangu wakaanza kuniita Shehe wa Kitabu. Nami, Mungu anisamehe, nilipenda.

Kazi yangu ya kwanza kwenye cheo hicho ilikuwa kufungua kifuniko cha Mzee Shauri. Bwana mmoja wa ofisi ya kanda alikikagua akauliza cheti chake kiko wapi. Nikamwambia hakina cheti, ila kina miaka. Akasema kanuni inataka kinga iliyothibitishwa, hivyo hii iondolewe, nyingine imeagizwa. Ikaja baada ya miezi sita. Kwa miezi sita korona ilitakiwa ikae wazi mdomo, kwa mujibu wa kanuni za usalama. Bwana huyo akishaondoka tu, mafundi walikuwa wanarudisha lile bati, na siku akija wanalificha nyuma ya tangi la maji. Mimi Shehe wa Kitabu nilikuwa nasimama mlangoni kuwapigia mluzi.

Kanuni ya zawadi nayo mnaijua. Siku moja ng'ombe wa Mzee Saitoti, mfugaji wa kule nyikani Handeni, waliingia kwenye mkonge wetu mchanga. Vijana wakawaswaga vizuri, wakawanywesha, wakamrudishia bila kumtukana. Kesho yake mzee akaja na kibuyu cha maziwa. Meneja wetu, kijana msomi, mpole, nywele zimechongwa, akaniambia nimjazishe fomu ya zawadi: thamani, kusudio, na tamko kwamba hatarajii upendeleo. Nikamweleza mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mhina, mtu akikataa maziwa yangu anasema tumegombana. Tumegombana?"

"Hapana, mzee. Ni utaratibu tu."

"Basi huo utaratibu wenu ndio umegombana na mimi."

Akabeba kibuyu chake akaondoka. Mwezi huo huo wakubwa wa kanda walilala hoteli ya mfanyabiashara anayetuuzia vipuri, wakala na kunywa kwake, na fomu sikuombwa.

Hayo yote ni vichekesho. Sasa nawaambia kisichochekesha.

Mnajua uanikio ulivyo, zile waya ndefu ambako singa zinatandazwa zikauke. Ninyi mmeukuta una wanaume watupu. Kabla yenu ulikuwa wa akina mama, na ukingoni mwake kulikuwa na banda la miti na mabati kuukuu. Humo akina mama walikuwa wanalaza watoto wao wachanga juu ya mikeka, na Bibi Mwantumu, Mzigua wa Mkata, alikuwa anawaangalia. Korona ilipokuwa inasimamishwa kusafishwa, saa tatu na tena saa tano, singa zilikuwa haziji, basi akina mama walikwenda kunyonyesha. Mwenye mtoto mdogo kuliko wote alitangulia hata kabla ya korona kusimama, na wenzake walimalizia waya zake. Aliyerudi wa mwisho alimletea maji Bibi Mwantumu. Hakuna aliyewahi kuyaandika hayo wala kuyatilia dole gumba, na sikuwahi kusikia ugomvi.

Ila kwenye karatasi za kampuni hakuna kazi inayoitwa kulea. Hivyo meneja wa zamani, mtu aliyekuwa na akili zake, alimwandikisha Bibi Mwantumu kama mfagiaji. Sote tulijua. Ufagio wenyewe sikumbuki kama aliwahi kuushika.

Wakaguzi wa kwanza walikuwa wawili, wanaume, wana haraka. Walipita kwenye uanikio wakapiga picha. Ndani ya banda mtoto mmoja, anaitwa Jumaa, mwana wa Mwanaidi, alikuwa amekamata singa moja iliyopeperushwa na upepo, anaitafuna. Miezi saba. Meno hana. Akikalishwa anaanguka upande kama mfuko wa unga. Ripoti ilipokuja kutoka makao makuu niliisoma mwenyewe: watoto wameonekana katika eneo la uzalishaji, na mtoto mmoja ameonekana akishughulika na malighafi.

Akishughulika na malighafi! Niliisoma mara mbili, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.

Nilikwenda kwa Meneja. Nikamwambia hawa watoto wananyonya, hawafanyi kazi, na mtu yeyote mwenye macho anaona. Akaniambia, "Mzee Mhina, mimi naelewa kabisa. Lakini pale kwenye ajira ya watoto, Kitabu hakijasema isipokuwa wanaonyonya." Nikamwonyesha kurasa za nyuma za Kitabu hicho hicho, penye maneno matamu kuhusu kumuenzi mama anayenyonyesha. Akasema hiyo ni dira, ile ya mbele ndiyo kanuni. Nilitoka pale nimejifunza kwamba dira ni kitu cha kutundika ukutani.

Banda likavunjwa asubuhi moja. Bibi Mwantumu akaandikiwa barua ya kuachishwa kwa kosa la kumbukumbu za kazi zisizo za kweli, na wa kuipeleka nikawa mimi. Hajui kusoma, nikamsomea.

"Imesema mimi mwongo?"

"Imesema hukufagia, bibi."

"Nimewafuta mavi watoto wa kiwanda kizima, Mhina. Walitaka nifagie nini tena?"

Nikamwambia atie dole gumba hapa chini.

Sasa nimweleze Mwanaidi vizuri, kwa kuwa mnayoisoma hii ni habari yake. Alikuwa binti wa Mkata, mrefu, mkimya, mikono yake ina kasi kwenye waya. Mumewe alikwenda machimboni kutafuta dhahabu akapotelea huko, hakuna simu wala salamu. Alikuwa na Jumaa na ile kazi, basi. Kambini alikokuwa anakaa ni mwendo wa kutosha kutoka kiwandani. Banda lilipovunjwa ikabidi amwache mtoto kwa jirani mwenye watoto wake wanne. Jumaa akagoma uji. Anafunga mdomo, anageuza shingo, anangoja ziwa. Hivyo korona ikisimama, Mwanaidi alikuwa anakimbia. Anakimbia kwenda, ananyonyesha, anakimbia kurudi, na kila mara anakuta singa zimeshaanza kuja. Akaandikiwa onyo la kwanza, kisha la pili. La tatu lilikuwa la kufukuzwa.

Mtaniuliza kuhusu muda wa kunyonyesha. Upo, sheria ya nchi inautaja, na kampuni ilikuwa na fomu yake. Ijazwe siku saba kabla, ipitishwe na msimamizi, ipitishwe na utumishi, irudi. Yaani Jumaa alitakiwa atoe taarifa wiki nzima mapema kwamba Jumanne ijayo saa tatu atasikia njaa. Mwanaidi alijaza. Fomu ilirudi ikiwa imekosa muhuri. Akajaza tena.

Siku moja alinifuata ofisini, akasimama mlangoni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

"Nimesikia mkaguzi mwingine anakuja. Mwanamke."

Ilikuwa kweli. Makao makuu walikuwa wanamtuma mkaguzi mpya wa kuhakikisha makosa yamerekebishwa, na safari hii wafanyakazi wataongea naye faragha, bila bosi yeyote. Nikamwambia Mwanaidi nitaliingiza jina lake kwenye orodha ya watakaoongea. Nikamwambia aseme yote, asiogope, Kitabu chenyewe kinakataza kulipiza kisasi kwa msema kweli, na nikamsomea mahali penyewe. Nikamwambia, "Na mimi nitakuwa karibu." Naomba mlikumbuke neno hilo.

Mkaguzi akaja na mkalimani wake wa kukodi kutoka Dar, lakini huyo mkalimani gari lake likafia Segera. Meneja akaniita pembeni kabla ya mazungumzo kuanza.

"Mzee Mhina, utatusaidia kutafsiri. Wewe si bosi, kwa hiyo ni sawa kwa mujibu wa kanuni."

"Sawa."

"Umebakiza miezi minne, au siyo? Tumalize vizuri, mzee wangu."

Basi. Hakunitisha, hakuniahidi kitu, alinishika bega tu na kutabasamu. Mkiwahi kushikwa bega namna hiyo mtanielewa. Nilikuwa na nyumba haijaezekwa upande mmoja, na miezi minne.

Yule dada mkaguzi, nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari, alimpa Mwanaidi kiti kabla ya yeye mwenyewe kukaa, na aliuliza swali zuri: tangu watoto waondolewe kiwandani, maisha yako yamekuwaje? Nikamtafsiria Mwanaidi swali hilo vizuri kabisa. Mwanaidi akavuta pumzi, akaongea. Sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi vile.

"Mwambie mwanangu ana miezi tisa na amekonda. Mwambie hatukuwahi kuwafanyisha kazi watoto wetu, tulikuwa tunawanyonyesha, na kuna bibi alikuwa anawatunza na amefukuzwa bure. Mwambie hapa nilipokaa maziwa yananimwagika na mtoto analia nyumba ya watu. Nina barua mbili, ya tatu natoka. Mwambie sitaki kitu kingine chochote. Aturudishie banda tu."

Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani. Wote watatu tulikuwa tunaiona.

Nikafungua mdomo. Nikasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chote nilichowahi kuongea maishani, kwamba huyu mama anaishukuru kampuni, kwamba watoto sasa wako salama majumbani, na kwamba akina mama wangefurahi kama siku moja wangefikiriwa mahali pa kupumzika. Pa kupumzika! Kama vile tatizo la Mwanaidi lilikuwa miguu kuuma.

Mkaguzi aliandika, halafu akasimamisha kalamu. Akaniuliza una uhakika ni hayo tu, mbona ameongea muda mrefu. Nikamjibu kwamba Kiswahili ni lugha ndefu.

Akacheka kidogo kwa adabu. Akaelekeza kalamu kwenye kanga, akauliza kama huyu mama ana mtoto mchanga. Nikasema anaye, yuko nyumbani na bibi yake. Bibi gani, sijui. Nilimzaa palepale. Mwanaidi alikuwa ananitazama muda wote huo, hakupepesa macho, na mimi nikajiambia anangoja jibu. Nikamgeukia nikasema, "Amesema amesikia, atalifanyia kazi." Akasema, "Asante, mzee." Akaondoka.

Ripoti ikatoka nzuri. Makosa yamefungwa. Ikaja na cheti chenye fremu, mnakiona kila siku pale mapokezi juu ya kiti cha mlinzi. Wiki ile ile kilipotundikwa, Mwanaidi alichelewa kurudi kwenye waya akapewa barua ya tatu. Safari hiyo nilimtuma karani aipeleke. Sikuwa na uso. Wengine wenye watoto wachanga wakafuata mmoja mmoja, bila barua hata moja, walichoka wenyewe. Mahali pao, na pa waliobaki pia, wakaletwa wanaume, na kwenye taarifa ya robo mwaka nikaandika kwamba hatari ya watoto katika eneo la kazi imeondolewa kabisa. Ni kweli, iliondolewa. Tuliwaondoa na mama zao.

Mungu naye ana mzaha. Kabla sijastaafu likaja toleo jipya la Kitabu, lina sura nzima ya usawa wa kijinsia, na makao makuu wakataka picha za wanawake wakiwa kazini kwenye uanikio. Wanawake hawapo. Meneja akakuna kichwa, kisha akawachukua karani, mpishi na dada wa mapokezi, wakafungwa kanga kiunoni, wakashikishwa singa, wakauza sura. Mpishi alizishika singa kama anayeshika nyoka. Picha hiyo sasa iko ndani ya Kitabu, nchi zote wanaiona. Siku ya kuniaga mkanipigia makofi, nikapewa ngao ya glasi imeandikwa Balozi wa Maadili. Wake zenu walipiga vigelegele. Nililia, mkadhani ni furaha.

Mwezi uliopita nilikuwa naelekea Dar, hospitali, kwa ajili ya kifua hiki. Basi likasimama Mkata abiria wachimbe dawa. Nikashuka kunyoosha miguu, nikasikia, "Shikamoo, mzee Mhina." Alikuwa Mwanaidi, ana beseni la mihogo ya kuchemsha kichwani, amekomaa uso.

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Jumaa hajambo?"

"Yule kule, anasumbua kuku wa watu. Bibi Mwantumu anamshika nikikimbilia mabasi."

Nikamtazama mtoto. Ana miguu imara, anacheka peke yake, anamfukuza jogoo kwa kijiti. Nilipaswa kushukuru na kunyamaza. Lakini mimi nimezoea kujisafisha, ni kazi niliyolipwa kuifanya. Nikasema, "Mwanaidi, siku ile nilijitahidi sana. Yule mzungu ndiye hakutuelewa."

Akateremsha beseni chini taratibu. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Mzee, mimi nilimaliza kidato cha nne. Kuongea Kiingereza kunanishinda, naona aibu, maneno hayatoki. Lakini kusikia nasikia. Nilikusikia kuanzia kupumzika mpaka Kiswahili ni lugha ndefu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilidhani unaanza na salamu zao kwanza, halafu utafika kwangu."

Jamani. Pikipiki zinapita, watu wanagombania mahindi dirishani, konda anapiga mabodi ya basi anaita abiria, na mimi nimesimama pale na fimbo yangu. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa."

Akajitwika beseni, maana basi lingine lilikuwa linaingia. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Mimi usiniombe msamaha kwa Kiswahili, mzee. Kamwombe yule kwa Kiingereza." Akakimbilia madirishani.

Kadi ya yule mkaguzi ninayo, ina anwani yake. Tangu nirudi nimeandika barua mara tatu, na mara tatu nimechana. Hii mnayoisoma ni ya nne, na bado ni ya Kiswahili.